Tulianza pamoja, yeye ameomoka mimi nimebaki chini: ni bahati ama ni mimi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kayole, nimelikata kidogo juu lilikuwa refu:

"Mwalimu habari yako. Mimi na rafiki yangu tulianza kuuza mitumba Gikomba mwaka wa 2022, kila mtu na 60,000 zake, nguo zile zile za wamama, tunaamka saa tisa usiku tunapanda matatu moja. Leo yeye ako na vibanda viwili na Probox, mimi nilifunga na niko na deni ya 120,000. Bwanangu anasema sikutia bidii, mama mkwe anasema nyota yangu ilifungwa, pasta anasema nipande mbegu. Rafiki yangu akihojiwa TikTok anasema siri ni kuamka mapema na maombi. Lakini hata mimi nilikuwa naamka na kuomba! Kwani bahati inachangia kiasi gani kwa hii maisha? Na je, tuuze ploti yetu ya Joska tuingie kwa kontena ya mitumba na watu wengine, juu bwanangu anasema pesa ndogo ndogo ndio zilitumaliza?"

Dadangu, pole na hilo deni. Nimesoma ujumbe wako wote, na kitu kilinishika sana si zile sehemu umelia, ni vitu viwili umevitaja kama mtu anapita tu: kwamba shangazi ya rafiki yako anauza beli hapo hapo Gikomba, na kwamba Mei 2024 wewe ulihamia tao. Nitavifikia.

Kwanza hii ya kuamka saa tisa. Nyinyi wawili mlikuwa mnaamka saa moja, mnapanda gari moja, mnauza nguo aina moja. Sasa kitu mlikuwa mnafanya nyote wawili kitaelezaje tofauti yenu? Hakiwezi. Rafiki yako hadanganyi, anaamini kabisa, juu mtu akifaulu anakumbuka vile aliumia mgongo, yale mambo yalijipa yenyewe hayakumbuki kwa sababu hayakumuuma popote. Na sisemi bidii ni bure. Mtu anafika Gikomba saa tatu asubuhi hayuko hata kwa hesabu, ashatolewa kitambo. Lakini mkishakuwa watu 800 kwa soko moja na wote wameamka saa tisa, kuamka hakuchagui tena nani atashinda, na hapo ndio bahati inapata nafasi kubwa. Inashangaza lakini ndivyo ilivyo: vile washindani wanazidi kulingana kwa ujuzi na bidii, ndivyo kitu kidogo kisicho cha mtu yeyote kinaamua nani atangulie.

Sasa tuongee beli yenyewe, na wenye hawajawahi kukaa Gikomba wanivumilie. Beli ya kilo 45 inakuja imebanwa na mikanda, nje imeandikwa tu ni ya nini na ni gredi gani. Unalipa kabla ya kuona. Alfajiri mikanda inakatwa, nguo zinafura zinamwagika kwa turubai, na kabla hujaokota hata moja watu wa kamera washakuzunguka na tochi za simu, wale wanachagua zile kali kali za kupeleka maduka ya tao. Hao hawaangalii kwanza, wanaingiza mkono ndani wanasikia kitambaa. Dakika chache tu unajua wiki yako itakuwaje. Zikitoka blauzi safi thelathini hivi za kamera, pesa ya beli ishaanza kurudi kabla jua litoke. Zikitoka zile kwapa limegeuka rangi ya chai, zipu imekufa, kola imetafunwa, hao watu wanasimama, wanajipangusa magoti, wanaenda kwa jirani bila kukuambia neno. Unabaki na fagia, zile za mwisho kabisa, ya kuita shilingi ishirini ishirini mpaka sauti ikauke.

Hapo bidii yako haijaingia bado. Najua kuna ujuzi wa kuchagua muuzaji, wa kujua ni gredi gani ya nchi gani inatoka vizuri, lakini hata mwenye ameuza miaka mingi atakuambia beli mbili zenye maandishi sawa kutoka kwa stoo moja zinaweza kukupa asubuhi mbili tofauti kabisa.

Tuweke namba. Nitatumia bei rahisi za kuhesabu, zinakaribia zile ulinitumia. Beli ni 30,000. Ikitoka nzuri inakurudishia 48,000, ikitoka mbaya 18,000, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Ukijumlisha unaona ni biashara ya maana, kwa wastani kila beli inarudisha 33,000, faida 3,000 kabla ya kodi ya kibanda na fea.

Chukua wale watu 800, wote sawa kwa ujuzi, kila mtu afungue beli tatu. Watu 100 watapata tatu mbaya mfululizo. Si kwamba wamerogwa, ni nusu ya nusu ya nusu, moja kwa nane. Na watu 100 wengine watapata tatu nzuri mfululizo. Ukiendelea mpaka beli tano, bado kuna watu 25 hawajawahi kuona beli mbaya maisha yao. Hao 25 ndio wataalikwa semina, ndio watahojiwa, na wakiulizwa siri watasema kile kinawajia kwa akili, kuamka mapema. Wale 25 wa upande ule mwingine hakuna mtu atawawekea maiki mbele. Mwaka wa 2016 shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilitoa uchunguzi wa biashara ndogo ndogo, na likakuta karibu biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa kwa miaka mitano iliyotangulia. Fikiria hao wote na jinsi walivyokuwa wanaamka. Ukijifunza biashara kwa waliobaki peke yao, utajifunza tabia za watu wote na uziite siri za ushindi.

Kwa hivyo bwanako aliposema hukutia bidii, alikuwa anasoma matokeo ya muda mfupi kama ripoti fomu ya mtoto wa shule. Na wewe ukisema "nina mkosi" unafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba unajilaumu na maneno mengine.

Swali lako la kiasi gani: hakuna mtu mkweli atakupa asilimia ya maisha yako. Inategemea unacheza mchezo gani. Kuna swali moja watu wa uwekezaji hupenda kujiuliza: naweza kushindwa makusudi? Kwa mbio unaweza, unatembea tu. Kwa mitumba pia unaweza sana, usifue, usipige pasi, tukana kastoma, utafunga kwa mwezi mmoja, kwa hivyo ujuzi upo. Kwa beli iliyofungwa, ukishachagua stoo na gredi, huwezi kushindwa makusudi wala kushinda makusudi, hiyo ni bahati tupu. Biashara yako imechanganya hizo mbili na kazi ni kuzitenganisha. Kama unataka namba moja kubwa tu, mchumi anaitwa Branko Milanovic alionyesha mwaka wa 2015 kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za mapato kati ya watu wa dunia inaelezwa na nchi mtu anaishi tu, kabla hujauliza kama anaamka saa tisa ama saa nne. Hiyo hakuna mtu aliitolea jasho.

Sasa Mei 2024. Ulilipa gudwili, ile pesa ya kupewa nafasi, ya kaduka kwa eksibishoni huko tao, ukaacha laini yako ya Gikomba, na uliniambia rafiki yako pia alikuwa anakataka hako kaduka lakini pesa yake ilichelewa siku chache. Juni ikaja na maandamano ya mswada wa fedha. Tarehe 25 Juni watu waliingia bunge, kuna maduka yalivunjwa, na Jumanne na Alhamisi za hizo wiki tao ilikuwa vitoa machozi na maduka yamefungwa, nani alikuwa anakuja kununua blauzi? Kodi iliendelea kuhesabiwa. Yeye alikuwa anauza Gikomba. Leo anaita hiyo hekima ya kutokimbilia tao, na wewe unaiita tamaa yako. Kama maandamano yangetokea mwaka mmoja mbele ama nyuma, wewe ndio ungekuwa na duka la tao na yeye ndio angekuwa amechelewa. Uamuzi ni ule ule, tarehe ndio imebadilisha jina lake.

Na hii biashara yenu imejaa tarehe za aina hiyo. 2020 korona ilipoingia serikali ilisimamisha mitumba kuingia nchini na ikafungua tena Agosti. Mwenye alikuwa na beli kwa stoo mwezi wa tatu aliona bei ikipanda bila kufanya chochote, mwenye alikuwa amemaliza stoki wiki hiyo hiyo, na alikuwa anajisifu ameuza vizuri, akakaa nyumbani. 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, faini mpaka milioni nne, mafundi wa cherehani wenye walikuwa wanashona vimfuko vya kitambaa vya kubahatisha wakajikuta na oda kila upande. Na moto wa Gikomba wa Juni 2018, ule uliua watu 15, uliunguza stoki za watu wenye bidii vile vile.

Hata wakubwa. M-Pesa tunaiongelea ni kama mtu alikaa chini akaona kesho, lakini ilipofanyiwa majaribio Thika na kwingine mwaka wa 2005 pamoja na Faulu, kazi yake ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wenyewe ndio walianza kutumiana pesa. Ikazinduliwa Machi 2007, na mwisho wa mwaka huo uchaguzi ukaharibika, barabara zikafungwa, benki zikafungwa, na ghafla kila mtu alikuwa na ndugu amekwama mahali anahitaji pesa ama kredo. Hakuna mtu wa masoko angepanga hiyo. Lakini, na hii lakini ni kubwa, Safaricom tayari ilikuwa na maelfu ya maduka yanauza kadi za kukwaruza ambayo yangeweza kugeuka maejenti. Nafasi iliwakuta na miguu ya kusimamia.

Ama Kipchoge, kwa wenye mnapenda kusema yule ni nidhamu peke yake. Nidhamu iko, nani atabisha. Lakini pia mtu wa pale pale kwao Nandi alikuwa Patrick Sang, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992, ndiye kijana alikuwa anaendea kuomba programu za mazoezi. Na mwaka wa 2012 alikosa nafasi kwa timu ya Olimpiki ya London, bingwa wa dunia wa 2003 ameachwa nyumbani. Mwaka uliofuata akaingia marathoni, Hamburg, akashinda. Ungemuuliza siku timu ya London inatangazwa kama hiyo ni bahati ama mkosi, angekujibu nini?

Haya, shangazi. Hapa ndio nataka ukae kidogo.

Umesema mwenyewe shangazi alikuwa anampatia rafiki yako beli kwanza, analipa akishauza. Na beli ikitoka mbaya alikuwa anaongea naye, anaongezewa wiki mbili, pengine anapunguziwa. Wewe beli ikitoka mbaya ulikuwa unaziba pengo na Fuliza na zile loni za simu, halafu unakimbia kufungua nyingine haraka ulipe ya kwanza. Sasa rudi kwa hesabu yetu. Una 60,000, unanunua beli mbili. Uwezekano wa zote mbili kutoka mbaya ni moja kwa nne, si kitu cha ajabu. Unabaki na 36,000. Unanunua moja, unabaki na 6,000 mfukoni. Nayo ikitoka mbaya uko na 24,000, na beli ni 30,000. Umetoka. Biashara inalipa kwa wastani lakini wewe hauko tena ndani kuipokea hiyo wastani, na hiyo inampata mtu mmoja kwa kila wanane ndani ya beli tatu peke yake, kabla hatujatoa kodi, unga, na karo ya Januari. Njaanuari haijawahi kungoja mtu afungue beli nzuri.

Rafiki yako alipitia beli mbaya hizo hizo, nina hakika, hakuna mwenye anazikwepa miaka yote. Tofauti ni kwamba zake zilikuwa zinaangukia shangazi na zako zilikuwa zinaangukia simu yenye riba. Mimi nimeangalia daftari za wafanyabiashara wadogo wengi, na hii ndio naona tena na tena: bahati yenye inajenga mtu mara nyingi si ile ya kupata kitu kizuri, ni ile ya kuwa na mahali pa kuangukia kitu kibaya kikija. Mtoto wa mwenye nyumba Umoja akianguka biashara anarudi chumba cha nyuma hakuna kodi, mwaka ujao anajaribu tena, mara ya nne inashika na tunasema ako na kichwa ya biashara. Labda ako nayo. Lakini wewe ulipewa jaribio moja, yeye manne.

Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Kwa hivyo usingoje shangazi ya mtu. Mtengeneze wako.

Njia ya kwanza, na mimi ningeanza na hii kesho, ni kugawana beli. Tafuta wamama watatu wenye unawaamini, si lazima muwe marafiki sana, kila beli mnaingia wanne, kila mtu 7,500. Zile 60,000 zako zingekuwa zimeingia beli nane badala ya mbili. Uwezekano wa zote nane kutoka mbaya ni moja kwa 256, na wastani wa faida ya pesa yako ni ule ule, hujapoteza kitu isipokuwa ile raha ya siku moja kubwa. Watapigana kuhusu nani anachagua kwanza, hiyo ni kawaida, mpeane zamu na mwandike kwa daftari nani alianza wiki gani. Ya pili ni chama, lakini si ile ya kununuliana sufuria, chama yenye ina sanduku la kukopa wenyewe kwa riba ndogo, na mkubaliane mapema kwamba kazi ya hiyo pesa ni beli mbaya, hospitali, moto, basi. Ya tatu ni kuacha kuchota pesa ya stoki ukila. Hii najua ni rahisi kwangu kuandika kuliko wewe kufanya na watoto wawili, lakini hata laini mbili tofauti za M-Pesa zinasaidia, moja ya beli, moja ya nyumba.

Kisha ongeza majaribio yenye ni bei rahisi. Umesema pia rafiki yako video yake moja ya TikTok ilishika, na wewe zako mbili hazikushika ukaacha. Mwaka wa 2006 watafiti watatu wa Marekani, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha jaribio moja tamu sana. Waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana kwa intaneti, watu zaidi ya 14,000 wakasikiza na kupakua, lakini wakagawanywa kwa makundi yasiyoonana, kila kundi linaona tu nini wenzao wa kundi hilo wamepakua. Kama ubora ungekuwa ndio kila kitu, makundi yote yangechagua nyimbo sawa. Haikuwa hivyo. Kuna wimbo kwa ubora ulikuwa wa 26, katikati kabisa, kwa kundi moja ukawa namba moja na kwa lingine wa 40. Watu wachache wa kwanza ndio walisukuma. Lakini zile nzuri sana hazikuanguka mkiani mara nyingi, na zile mbaya sana karibu hazikupanda. Ndio maana nakuambia ubora wa nguo na picha yako unakuingiza kwa mchujo, kushika ni swala lingine, na njia pekee ya kushughulikia hilo ni kurudia mara nyingi kwa gharama ndogo. Video moja ya kukata beli inakula bando ya shilingi ngapi? Tuma kila unapofungua, hata ile mbaya, watu wanapenda sana kuona beli ya mtu mwingine ikitoka mbaya.

Na uongee na watu wa nje ya laini yenu. Msomi anaitwa Mark Granovetter mwaka wa 1973 alichapisha utafiti wa watu karibu na Boston, aliwauliza walipata kazi kupitia nani, na kati ya waliosaidiwa na mtu wanamfahamu wengi walitaja mtu wanaonana naye mara moja moja tu, si rafiki wa karibu. Marafiki wako wa karibu wanajua yale unajua. Yule mteja wa Rongai anakuja mara mbili kwa mwaka ndio anajua kuna shule inatafuta sweta. Chukua namba yake.

Si kila jaribio la bei rahisi ni sawa lakini, nisije nikasomwa vibaya na bwanako. Jekipoti ya mechi 17 kila moja na majibu matatu, ukibahatisha tu kuna njia 129,140,163 za kujaza hiyo tiketi. Ndio, 2017 kuna mtu alishinda milioni 221 na tulimwona kwa televisheni, wale wengine wote hatukuwaona. Hapo hujifunzi kitu ukishindwa, hupati kastoma, hupati namba ya simu ya mtu, kesho uwezekano ni ule ule.

Kuhusu nyota, sitaki ugomvi na mama mkwe, kaa naye vizuri, lakini yule mganga wa bango kwa nguzo ya stima anataka pesa mbele na hiyo pesa ndio beli. Kwa pasta, sadaka ni kati yako na Mungu wako, toa kwa faida. Mbegu ya kukopa kwa simu usipande.

Sasa Joska na kontena. Bwanako ana hoja moja nzuri ambayo pengine hata yeye hajaitumia: kontena ina mamia ya beli, kwa hivyo mbaya na nzuri zinalingana, haiwezi kutoka yote mbaya kama beli moja. Hiyo ni kweli. Shida ni kwamba mkishatoka kwa riski ya beli mnaingia kwa riski zingine zenye zinapiga zote kwa siku moja. Mtu mmoja wa kuchambua nguo huko nje, akifunga vibaya amefunga vibaya mamia. Meli moja, forodha moja, na mtu mmoja anashika pesa za kikundi, ambaye kwa ujumbe wako hukunitajia jina wala ameleta kontena ngapi kabla. Halafu dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kufika Aprili iko kwa 130 hivi. Mtu alinunua dola Januari akaleta mzigo, wakati unafika jirani analeta wa kwake kwa bei ya chini sana, na hakuna mmoja wao alikuwa amekosea hesabu. Mwenye alikuwa na pesa ya kungoja aliumia akaendelea. Mwenye alikuwa ameuza ploti hakuwa na ploti nyingine.

Kwa hivyo mimi nasema msiuze. Ploti ya Joska ndio shangazi peke yake mko naye kwa sasa, hata kama haileti kitu kila mwezi. Kama kontena inawawasha sana, ingieni na kiasi ambacho kikipotea chote bado mtalala na mtoto atarudi shule, na muombe kuona karatasi za forodha za mzigo uliopita, si picha za WhatsApp za kontena lolote.

Deni ya 120,000 shughulikia zile loni za simu kwanza, hizo ndizo zinakula haraka, na ile sehemu umesema unadaiwa na mama wa jirani, ongea naye, atakubali kidogo kidogo kuliko unavyofikiria. Na rafiki yako, usimwepuke. Hakukuibia bahati. Muulize kama shangazi anaweza kukubali kikundi chenu cha wanne kwa beli moja ya mkopo, akikataa hujapoteza kitu.

Ile daftari ya beli zako za 2022 na 2023, kama bado uko nayo, nitumie hata kama ni picha zimekunjamana. Nataka kuona majina ya stoo ulizonunua na kila beli ilirudisha ngapi, juu kama mbaya nyingi zilitoka kwa stoo moja, hiyo si bahati tena, huyo ni muuzaji wa kuhama.